Meno ya mbele yaliyolika kwa asidi: kompoziti inashika wapi, na kwa nini hubanduka

Mtu mwenye meno yaliyolika kwa asidi mara nyingi haletwi kliniki na maumivu. Huletwa na picha: meno ya juu ya mbele yamekuwa mafupi, yamegeuka manjano, ncha zimekuwa nyembamba hadi zinapitisha mwanga. Au kipande kimemeguka akila mkate. Anachoomba ni azibiwe pale mbele yapendeze. Siku hizi hilo linawezekana, tena aghalabu bila kulichonga jino, kwa kutumia kompoziti, ile nyenzo yenye rangi ya jino inayogandishwa kwa taa ya bluu. Ila kama kazi hiyo itadumu miaka au itadondoka kabla ya mwezi kwisha, huamuliwa kabla bomba la kompoziti halijafunguliwa. Kuna maswali matatu ya kujibu kwanza: asidi inatoka wapi, nafasi ya kuweka nyenzo itapatikana wapi meno yanapokutana, na gundi itashika nini. Rangi, ambayo ndiyo mgonjwa anayoiulizia zaidi, ni swali la nne.

Asidi inatoka wapi

Kulika kwa asidi ni tofauti na kuoza. Jino linapooza, bakteria waliojificha kwenye utando huchachusha sukari na kutoa asidi mahali pamoja, na shimo huanzia hapo. Katika kulika, asidi huja ikiwa tayari, kutoka kwenye chakula au tumboni, na kuosha uso mzima wa jino. Ndiyo maana meno haya huonekana safi kupita kiasi: laini, yanang'aa, mistari yake ya asili imefutika. Enameli, gamba gumu la nje, huanza kuyeyuka pH ya mdomo (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umezidi) ikishuka chini ya takriban 5.5. Dentini iliyo chini yake haivumilii hata hapo. Huanza kupoteza madini kwenye pH ya 6 na ushei. Soda ya kola ina pH ya karibu 2.5, maji ya ndimu yako hapo hapo au chini kidogo, na asidi ya tumbo ni kati ya 1 na 2.

Namba ya pH peke yake haitoshi. Mtindi ni mchachu, pH yake ni kama 4, lakini haulili jino kwa sababu umejaa kalsiamu na fosfeti, madini yale yale ambayo asidi ingeyatoa kwenye enameli. Muda nao una uzito. Chupa ya soda iliyomalizwa kwa dakika tano wakati wa chakula inadhuru kidogo kuliko chupa hiyo hiyo inayonyonywa kwa saa tatu, kwa kuwa kila funda hurudisha mdomo kwenye uchachu kabla mate hayajamaliza kuusafisha. Joto pia huharakisha kazi ya asidi. Glasi ya maji moto yenye ndimu kila asubuhi kwa ajili ya kupunguza tumbo imeharibu meno ya watu wanaojihesabu kuwa na afya kuliko wenzao.

Mahali palipolika panaeleza mengi kabla mgonjwa hajafungua kinywa kusema. Uharibifu ukiwa upande wa ndani wa meno ya juu ya mbele, ule unaotazama kaakaa, mshukiwa wa kwanza ni tumbo: kiungulia cha muda mrefu, kutapika sana wakati wa ujauzito, pombe, au ugonjwa wa kula unaomfanya mtu ajitapishe kwa makusudi. Meno ya chini ya mbele hubaki mazima kwa sababu ulimi huyafunika na mate hukusanyika hapo. Uharibifu ukiwa upande wa nje, unaotazama mdomo, shuku kinachoingia: ndimu za kunyonya, juisi ya ukwaju, embe mbichi kwa chumvi na pilipili, vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyonyweka usiku kucha barabarani. Kwenye magego tazama vishimo vidogo kama vikombe juu ya ncha, na ziba za zamani zilizobaki zimeinuka kwa sababu jino lililozizunguka limeshuka. Nyuso zilizo bapa, zinazolingana barabara meno ya juu na ya chini yakikutanishwa, ni alama ya kusaga meno. Wapo wenye vyote viwili. Hao ndio wagumu zaidi, kwa kuwa enameli iliyolainishwa na asidi husagika upesi, na mswaki mgumu au unga wa mkaa humalizia kilichobaki.

Swali la kujitapisha huulizwa faraghani, mama au mume akiwa nje ya chumba, kwa sauti ile ile inayotumika kuulizia soda. Mwenye kiungulia cha kila wiki anatumwa kwa daktari wa tumbo sambamba na kazi ya meno, na asiambiwe arudi akishapona. Kuna madaktari wa meno wanaokataa kugusa meno mpaka asidi ikome kabisa; tunaona wanamwonea mgonjwa. Dentini iliyo wazi inaendelea kupungua kila wiki anayosubiri, ilhali kompoziti yenyewe haiyeyushwi na asidi kama jino na hufunika kilichobaki. La lazima ni chanzo kijulikane na kianze kudhibitiwa. Kama uharibifu hauko mbali, chukua picha na chapa ya plasta ya meno, ziweke, zilinganishe baada ya miezi sita. Meno yaliyoanza kushika rangi ya chai na kupungua ganzi, yaani ule msisimko mkali wa baridi au upepo, kwa kawaida yametulia. Yaliyo meupe, maangavu na yanayouma kwa upepo bado yanaliwa.

Nafasi ambayo haipo

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Mtu akiona jino limepungua milimita mbili hudhani kuna pengo la milimita mbili linalosubiri kujazwa. Halipo. Meno hulika polepole, na kadiri yanavyopungua, meno pamoja na mfupa wake husogea kufuatana ili yaendelee kugusana. Mgonjwa aliyepoteza nusu ya upande wa ndani wa meno ya juu akiuma, meno ya chini yamegusa kabisa pale palipolika. Ukiweka utando wa kompoziti wa nusu milimita hapo ili uingie, utapasuka. Kompoziti inahitaji unene wa angalau milimita 1 upande wa kaakaa na milimita 1.5 hadi 2 kwenye ncha.

Njia ya kizamani ilikuwa kuchonga zaidi ili kupata nafasi na kuvalisha kofia, gamba la bandia linalofunika jino lote. Kofia nzima ya jino la mbele huondoa zaidi ya nusu ya sehemu ya jino inayoonekana mdomoni, na jino lililokwisha kulika halina akiba hiyo. Njia nyingine ilitoka Norway mwaka 1975, pale Bjørn Dahl na wenzake walipomwekea mgonjwa kifaa cha chuma nyuma ya meno ya juu ya mbele, kikainua uumaji, yaani mkutano wa meno ya juu na ya chini, hapo tu na kuyaacha magego yakiwa hewani. Miezi ikapita, magego yakajipandisha yenyewe hadi yakakutana tena, ya mbele yakazama kidogo, na kifaa kilipotolewa nafasi ilikuwa imepatikana. Leo kifaa hicho hakihitajiki, kwani kompoziti yenyewe huwekwa ikiwa ndefu na nene inavyotakiwa tangu siku ya kwanza, na magego huachwa yafuate.

Mgonjwa lazima aelezwe hili kabla, kwa maneno ambayo hayawezi kueleweka vibaya. Atatoka kliniki akiuma kwa meno ya mbele tu. Nyama atakata vipande vidogo, muhindi wa kuchoma atausahau kwa muda, na siku za mwanzo anaweza kuwa na kithembe. Magego huanza kugusana tena ndani ya miezi mitatu hadi sita kwa wengi, kwa baadhi mwaka na zaidi. Asiyeelezwa hukimbilia kliniki nyingine wiki ya pili, na huko anayemkuta husaga kazi yote "ili meno yakutane". Njia hii haimfai mwenye maumivu ya kiungo cha taya, mwenye meno ya mbele yanayocheza kwa ugonjwa wa fizi, wala ambaye magego yake yameunganishwa kwa daraja au yamepandikizwa kwa skrubu, kwa kuwa meno hayo hayapandi.

Gundi inashika nini

Mwaka 1955 Michael Buonocore, Mmarekani, aliazima mbinu ya viwanda vya rangi na kupaka enameli asidi ya fosforiki ili plastiki ishike. Miaka michache baadaye Rafael Bowen alitengeneza resini, plastiki ya majimaji inayoganda, ambayo bado ni msingi wa kompoziti nyingi. Asidi ya daktari hutafuna enameli kwa kina cha maikromita (elfu ya milimita) chache na kuacha vitundu ambamo resini huingia na kugandia. Kwenye enameli nzima mshiko huo ni wa kuaminika. Kwenye dentini ni wa kubahatisha zaidi, maana dentini ina maji, ina nyuzi za kolajeni, na dentini iliyolika kwa miaka hujifunga vijitundu vyake kwa madini hadi ikawa ngumu na yenye kung'aa. Gundi huteleza juu yake.

Kwa bahati, asidi huacha kitu. Tazama upande wa kaakaa, karibu kabisa na ufizi, jino likiwa limekaushwa kwa hewa: mara nyingi utaona ukanda mwembamba mweupe wa enameli, labda nusu milimita, ulionusurika kwa sababu umajimaji wa ufizi na utando wa meno uliukinga. Ukanda huo, ukiungana na enameli ya pembeni na ya mbele, hufanya pete kuzunguka dentini iliyo wazi. Kazi nzima inategemea pete hiyo. Anayepitisha kidrili hapo ili kupata ukingo uliochorwa vizuri ameondoa kitu chenye thamani kuliko vyote vilivyobaki kwenye jino. Pete ikiwa imekatika sehemu kubwa, mgonjwa aambiwe mapema kwamba hatari ya kubanduka ni kubwa, na mazungumzo ya kauri au kofia yaanze.

Kwa wagonjwa waliokulia Arusha, Kilimanjaro au Bonde la Ufa upande wa Kenya, ongeza jambo moja. Maji yenye floraidi nyingi huacha enameli yenye madoa ya kahawia, na uso wake wa juu hauitikii asidi kirahisi. Sekunde 30 zinazotosha kwa mwingine hazitoshi hapo. Kwaruza uso kidogo kwanza, kisha acha asidi dakika nzima au zaidi, na uangalie weupe wa chokaa ukitokea sawasawa kabla ya kuendelea.

Kazi yenyewe

Huanza mezani. Fundi wa maabara hujenga umbo la meno mapya kwa nta juu ya chapa ya plasta, na kutoka kwenye nta hiyo hutolewa kalibu ya silikoni inayobeba umbo la upande wa kaakaa na ncha. Kabla ya kugundisha chochote, kalibu hujazwa plastiki ya muda na kuwekwa mdomoni juu ya meno makavu. Mgonjwa huona urefu wake, hutamka "fedha", "vifaa", "sasa", hucheka. Marekebisho ya hapa hayana gharama.

Rangi huchaguliwa meno yakiwa na mate, dakika za mwanzo. Jino likikauka huwa jeupe, na anayechagua baada ya robo saa ya mdomo wazi hupata meno yanayoonekana ya chaki siku inayofuata. Njia ya hakika ni kuweka tone la kompoziti juu ya jino bila gundi, kuligandisha kwa taa, kutazama, kisha kulibandua. Mgonjwa anayetaka kuyang'arisha meno afanye hivyo kwanza na kungoja wiki mbili, kwa sababu oksijeni inayobaki ndani ya jino huzuia resini kuganda.

Mpira wa kutenga meno, ule unaotobolewa na kuvutwa juu ya meno, tunauhesabu kuwa wa lazima. Pumzi ya mgonjwa peke yake ina unyevu wa kutosha kudhoofisha gundi, na tone la damu kutoka kwenye ufizi uliovimba linamaliza kabisa. Ufizi unaovuja damu utibiwe wiki mbili kabla. Jino la jirani hufunikwa kwa utepe wa Tefloni, ule mweupe wa mafundi bomba, uliosafishwa kwa dawa.

Kisha uso huandaliwa. Dentini ngumu inayong'aa hukwaruzwa kwa unga wa alumina wa maikromita 50 unaopulizwa kwa hewa, au kwa kidrili cha almasi kwa mkono mwepesi hadi mng'ao utoweke. Enameli ya upande wa mdomo hulazwa kingo kwa milimita 1 hadi 2 ili rangi ichanganyike. Asidi ya fosforiki ya asilimia 37 hupakwa kwenye enameli kwa sekunde 30, na kama mfumo wa gundi unataka, kwenye dentini kwa sekunde zisizozidi 15. Maji yapite kwa sekunde 15 kamili. Enameli ikaushwe hadi iwe nyeupe kama chokaa, dentini ibaki na unyevu usiotiririka. Gundi husuguliwa, haipakwi tu, kwa sekunde 20. Halafu hewa hupulizwa taratibu mpaka hakuna kiwimbi kinachotembea juu ya jino. Kiwimbi kikiwa bado kinatembea, kimiminika cha gundi hakijakauka, na ukiwasha taa wakati huo unakifungia humo. Ndicho chanzo cha ganzi nyingi za baada ya kazi.

Tabaka la kwanza la kompoziti, la upande wa kaakaa, hutandazwa ndani ya kalibu, unene kama nusu milimita, kalibu hurudishwa mdomoni na taa huwashwa. Hapo kuna ukuta wa kujengea. Tabaka zinazofuata zisizidi milimita 2, kila moja sekunde 20. Kompoziti husinyaa asilimia 2 hadi 3 ikiganda, na bonge moja nene hujivuta kutoka kwenye ukingo huku sehemu yake ya chini ikibaki mbichi. Wapo wanaojenga kwa rangi nne na kuchora hata mawingu ya ndani ya jino. Kwa jino moja lililovunjika kati ya mazima, sawa. Kwa meno sita yaliyolika, rangi moja nzuri ya kompoziti yenye nguvu hutosha, ni nyepesi kurekebisha, na haina mipaka ya tabaka inayoweza kupasuka. Kompoziti laini zilizotengenezwa kwa ajili ya mng'ao tu zisitumike kwenye ncha inayouma.

Mwisho, jeli ya glisirini hupakwa juu na taa huwashwa tena, kwani hewa huacha juu ya kompoziti utando wa kunata usioganda, na utando huo ndio unaonyonya rangi. Mabaki ya pembeni hukwanguliwa kwa kisu chembamba, kisha visahani vya msasa kuanzia vikali hadi laini. Uumaji hupimwa kwa karatasi ya rangi: meno yote kutoka chonge hadi chonge yaguse kwa wepesi na kwa pamoja, juu ya kijukwaa bapa kinachopeleka nguvu chini kuelekea mzizi. Jino moja likibeba peke yake ndilo litakalovunjika.

Taa, joto na bomba lililosahaulika

Kompoziti nyingi hutakiwa kutunzwa chini ya nyuzi 25. Kliniki ya Dar es Salaam au Mombasa ambayo umeme hukatika mwishoni mwa wiki haifiki huko bila friji, na nyenzo iliyotolewa kwenye friji dakika hiyo hiyo ni ngumu, haikai vizuri, huacha mapengo ya hewa. Itolewe saa moja kabla. Chupa ya gundi ifungwe mara tu baada ya tone kutoka. Ikibaki wazi, kiyeyushi huruka na kilichobaki ni kizito kisichopenya.

Taa ndiyo inayodanganya zaidi, kwa kuwa mwanga hafifu bado ni wa bluu machoni. Kama hakuna kipimo, chukua kipande cha mrija usiopitisha mwanga chenye urefu wa milimita 8, kishindilie kompoziti, kimulike upande mmoja sekunde 20, kisukume nje na ukwangue sehemu laini. Pima kilichobaki kigumu, gawa kwa mbili. Jibu likiwa chini ya milimita 2, punguza unene wa tabaka, safisha kioo cha taa, au nunua betri.

Nyumbani, na siku kipande kinapotoka

Siku mbili za mwanzo kompoziti hushika rangi kwa urahisi kuliko baadaye, na manjano ya kwenye mchuzi na pilau ndiyo mabaya zaidi. Tambuu, kahawa na dawa ya kusukutua yenye klorheksidini huendelea kuipaka rangi polepole, na hung'arishwa tena kliniki. Dawa ya meno iwe na floraidi ya 1,450 ppm (sehemu kwa milioni), mswaki uwe laini. Baada ya kitu kichachu au kutapika, sukutua maji na usubiri kama nusu saa hadi saa moja kabla ya kupiga mswaki. Anayesaga meno usiku hutengenezewa bamba gumu la akriliki baada ya magego kukutana. Akiwa na kiungulia pia, apake ndani ya bamba floraidi kidogo, maana bamba tupu linaweza kushikilia asidi ya usiku juu ya jino.

Vipande vitatoka. Kazi ya namna hii ikifanywa vizuri hukaa miaka mitano na kuendelea ikihitaji matengenezo madogo, na aliyeahidiwa ya maisha amedanganywa. Kutazama mahali palipoachia kunaonyesha kosa. Kompoziti iliyotoka nzima, chini yake dentini ikiwa inang'aa, ilishindwa kwenye gundi: uso haukukwaruzwa, au mate yaliingia. Ncha iliyomeguka ikiacha kompoziti kwenye jino inasema uumaji ni mzito hapo au unene haukutosha. Mstari wa kahawia kuzunguka ukingo ni mabaki yaliyopita mpaka wa asidi, na mara nyingi msasa unatosha.

Kumeguka hakumaanishi kuanza upya. Kompoziti ya zamani hupulizwa alumina, hupakwa sileni, kimiminika cha kusaidia kompoziti mpya ishike ya zamani, na kuachwa dakika moja, kisha gundi, kisha kompoziti mpya. Nusu saa imekwisha. Ila ncha ile ile ikivunjika mara ya pili mahali pale pale, usiitengeneze kabla ya kumpa mgonjwa karatasi ya rangi auume, asogeze taya kushoto, kulia na mbele, na kabla ya kumuuliza tena kuhusu kiungulia na anachokunywa usiku.